Hoteli ya mlimani, gesti ya Kirumba na sato wa elfu saba

Nina kipimajoto kwenye mfuko wa shati muda wote. Si ushamba, ni kazi. Mimi ni fundi majokofu wa Tabora, na nikiitwa Mwanza huwa sirudi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumba cha baridi ukishakitengeneza lazima ukilinde usiku kucha uone kama kinashuka nyuzi zinazotakiwa. Kwa hiyo Mwanza nimelala sana. Nimelala gesti za Mabatini, hosteli ya kanisa, nyumba ya kupanga kwa siku kule Kiseke, na mara moja juu ya maboksi kwenye stoo ya mteja, jambo ambalo mke wangu hajaambiwa mpaka leo.

Safari hii zilikuwa siku sita. Mbili za kwanza mteja alinilipia hoteli ya mlimani, ile aina ambayo ukifungua pazia unaona ziwa. Mlima upi sisemi. Mwanza milima haikosi. Nne zilizobaki nilijilipia mwenyewe gesti ya Kirumba, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nitazieleza zote mbili pamoja na mama aliyenilisha, maana bila yeye nisingehangaika kuandika. Majina sitaji. Hoteli nitaisema vibaya kidogo na sitaki kesi, na gesti na mama sijawaomba ruhusa.

Hotelini nilifika saa mbili usiku kutoka stendi ya Nyegezi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana wa mapokezi alisimama, akanipa pole ya safari kabla hajauliza jina, akabeba begi langu la vifaa ambalo hata bodaboda alikuwa amelilalamikia. Hapo nampa alama zote. Chumbani shuka nyeupe zimepigwa pasi, taulo mbili, chandarua kisicho na tobo hata moja, na kimya. Bei ni 110,000 kwa usiku, chai imo. Asubuhi nikavuta pazia: mawe, mawe tena, halafu maji, na kwa mbali Jiwe la Bismarck limebaki juu ya wenzake kama mzigo uliosahauliwa juu ya keria. Nikapiga picha nikamtumia mama watoto. Akajibu, "Kumbe ndiyo kazi uliyoendea."

Nikaingia kuoga. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Nikapiga simu mapokezi. "Maji yanapanda, bosi, subiri kama dakika kumi." Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 liko dirishani kwangu, mimi nimesimama na sabuni kichwani nasubiri maji yapande. Nisiwe mwongo, hili si kosa la hoteli peke yake. Anayekaa milimani Mwanza anajua kwamba kuliona ziwa na kupata maji ni mambo mawili tofauti, ndiyo maana wenye akili huweka tangi kubwa na pampu ya uhakika. Hawa tangi walikuwa nalo. Pampu ndiyo imechoka. Niliisikia kwa masikio yangu kupitia ukutani, beringi zimekwisha, inalia kama mbuzi. Nilipotoka nikamwambia yule kijana. Akaandika kwenye karatasi. Siku naondoka niliikuta karatasi ile ile, mahali pale pale, chini ya kikombe.

Sasa chakula. Menyu yao ina kurasa tisa na picha za rangi. Nilimuuliza mhudumu vitu kadhaa kwa makusudi. Sato wa kuchoma? Yupo. Sangara wa nazi? Yupo. Kuku wa kienyeji? Yupo. Supu ya mkia? Ipo. Nikaagiza sato saa moja na nusu. Saa mbili na dakika arobaini akarudi: "Samahani kaka, sato wamebaki wadogo sana, nikuletee sangara?" Nikamwambia leta. Sangara akaja saa tatu kasoro, nje amekuwa kahawia mzuri, nikamkata katikati, nikatafuna nikahisi ubaridi. Hapo kipimajoto kikatoka mfukoni. Nyuzi 19. Maana yake samaki alitoka kwenye friza akaingia kwenye mafuta moja kwa moja, akaungua ngozi kabla ya moyo kupata moto.

Nikaomba kuonana na mpishi. Si kwa shari. Nilimwambia mimi fundi, naomba niangalie friza yako bure. Akafurahi, kumbe alikuwa anaitafuta nafasi hiyo. Nilipofungua, barafu imeganda ukutani unene wa vidole vinne. Watu wengi wanadhani barafu nyingi ndiyo baridi nyingi. La. Barafu ile ya ukutani ni blanketi: baridi inazaliwa kwenye mabomba nyuma yake na haiwezi kupenya vizuri kumfikia samaki. Halafu mpira wa mlango umechanika upande mmoja, na vitu vimeshindiliwa mpaka mfuniko haukai. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Yake ilikuwa 6 chini ya sifuri, na kompresa imewaka moto kama pasi, haipumziki.

"Kaka, mbona umejaza hivi?"

"Menyu ina vyakula zaidi ya arobaini," akasema, sauti ya chini. "Lazima kila kimoja kiwepo. Mgeni akiambiwa hakuna anaenda kuandika vibaya kwenye simu."

Nikamwonea huruma, na huyu hapa mimi ninaandika.

Kifungua kinywa kilinimaliza hamu kabisa. Chai ya maziwa nzuri, maandazi ya moto, nanasi na tikiti vimekatwa asubuhi ile. Lakini mayai ya kuvuruga yalikuwa kwenye lile sinia lenye mfuniko wa kung'aa, na kimoto cha chini kimezimika zamani. Nyuzi 34. Kanuni ya kazi yetu ni fupi: cha moto kikae juu ya 60, cha baridi chini ya 5, hapo katikati ndipo wadudu wa tumbo wanapofungia harusi. Mayai ya nyuzi 34 saa tatu na nusu asubuhi, na yameiva tangu saa kumi na mbili, hayo ni ya kumpa adui. Nilikula nanasi.

Na kile kijokofu cha chumbani, chenye maji mawili na soda, kilikuwa kimechomolewa. Nikachomeka, nikarudi jioni, kimechomolewa tena. Mhudumu wa usafi ameagizwa abane umeme. Basi kiondoeni, weka kiti.

Hapa nisimame kidogo kwenye suala la majina, maana wageni wengi wa Mwanza wanapotea hapo. Kuna jengo moja Nyakato ninalijua tangu 2011. Lilianza kama gesti. Baadaye bango likapakwa rangi, ikawa loji. Sasa hivi ni hoteli. Vyumba ni vile vile kumi na viwili, hata ule mlango wa namba 7 unaogoma kufunga haujaguswa. Mchoraji wa mabango ndiye pekee aliyenufaika. Nyota halisi hupangwa na serikali, moja mpaka tano, kwa vigezo ambavyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavitumia kwa pamoja, na zile zilizochorwa ukutani kwa brashi si hizo. Tena sisi wenyewe neno hoteli tumelitumia tunavyotaka. Mimi nikiwa mtoto Tabora, "twende hotelini" ilikuwa ni chai ya rangi na maandazi kwenye meza yenye kitambaa cha nailoni, na hapakuwa na kitanda hata cha dawa. Mpaka leo ukiona kibanda kimeandikwa HOTELI kwa mkaa, kuna ugali humo, usiulize chumba. Mama ntilie angalau jina lake linasema ukweli: mama, nitilie.

Siku ya tatu nikashuka Kirumba.

Gesti yenyewe ni ya ghorofa moja, ukuta wa kijani, geti la bati. Mapokezi ni dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo yupo dada mmoja mwenye daftari na tabasamu la kupima mtu. Juu ya dirisha kuna kibao: KULALA 20,000, KUPUMZIKA 10,000. Miaka ya nyuma niliamini kwamba kupumzika ni kwa wasafiri waliochoka. Siku hizi najua, na ninaomba chumba cha mwisho wa korido, mbali na wapumzikaji.

Akanipa kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, sahihi. Mistari iliyo juu yangu ilikuwa ya wafanyabiashara wa dagaa, mmoja katokea Kongo, wawili Burundi. Soko la Mwaloni linalisha nchi za jirani kwa dagaa wakavu na samaki wa chumvi, na gesti za mtaa huu zinaishi kwa wanunuzi hao. Nikamuuliza dada kama vyumba huwa vinajaa.

"Inategemea mwezi, kaka."

Nikadhani mwezi wa mishahara. Akacheka, akanyoosha kidole juu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inawavuta, mitumbwi inajaa, wanunuzi wanafurika na chumba hukipati baada ya saa kumi jioni. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na gesti nayo inalala. Nilifika mwezi ukiwa mpevu. Ndiyo maana nilipata chumba cha selfu, choo na bafu ndani, kwa bei ya 20,000 bila kubembeleza. Hoteli ya mlimani ina bei ya wikiendi na bei ya sikukuu. Ya Kirumba ina bei moja, ila inaongozwa na mwezi wa angani. Kwa msomaji anayepanga safari, huo ndio ushauri wangu mkubwa: angalia juu kabla ya kupanda basi.

Chumba: kitanda cha futi tano kwa sita, godoro gumu zuri, shuka za maua zilizofuliwa zinanuka jua. Feni ya dari inafanya kazi namba tatu tu, moja na mbili zimekufa. Chandarua kina tobo mbili zilizofungwa fundo. Balbu ya bafuni inawaka ikijisikia. Maji yapo muda wote kwa sababu Kirumba ni chini, karibu na ziwa, na wana pipa la akiba la bluu mlangoni. Ya moto unaletewa kwenye ndoo ukisema mapema. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama sabuni ya mche ili usiondoke nao. Kutoka ni saa nne asubuhi, na saa nne kweli, kwa sababu dada hupita akigonga milango kwa ile mbao.

Kelele ipo. Saa kumi alfajiri lori linapakia magunia ya dagaa, na wapakizi wa Mwanza hawajui kunong'ona. Harufu ya dagaa nayo ipo, inaingia hadi kwenye mto. Mimi haikunisumbua, nimezoea vyumba vya baridi vya samaki. Ukiwa na mke mjamzito usimlete hapa.

Na chakula hawana. Hata chai. Nilimuuliza dada, akaonyesha kwa kidevu: "Toka getini, kulia, chini ya bati. Ila uwahi."

Chini ya bati kuna benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha picha za machungwa, majiko matatu ya mkaa, na friza kubwa jeupe la kulala, la zamani, lisilo na waya. Juu ya friza zimepangwa hotipoti. Nikaona hilo friza kabla sijamwona mama mwenyewe.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Akaniangalia vizuri. Wanyamwezi na Wasukuma tunasikilizana lugha kama ndugu waliogawana shamba, na salamu ile ilinipa kipande kikubwa kuliko cha jirani yangu. Shikamoo nikaitoa baadaye, kwa adabu, maana umri wake ni wa mama yangu mdogo.

Sato wake anatoka Mwaloni asubuhi ile ile. Anampasua kwa ubavu, mikato mitatu kila upande, anasugua chumvi na ndimu mpaka ndani ya mikato, anamwacha kidogo. Karai la mafuta liko tayari. Anapima moto wake kwa kudondosha tone la unga, likicheza juu papo hapo, samaki anaingia. Hamgeuzi ovyo. Anamsubiri mpaka mwenyewe aachie chini ya karai, ndipo anamgeuza mara moja tu. Akitoka anapumzishwa kwenye chujio, halafu anaingia kwenye sufuria lenye rosti ya nyanya, vitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, dakika tatu nne, basi. Ngozi inabaki na ukakamavu wake chini ya mchuzi. Ugali wa dona, mlenda kwenye kibakuli, ndimu. Nyama inaachana na mfupa yenyewe bila kulazimishwa. Niliingiza kipimajoto kwa siri chini ya meza kama mwizi: 78.

Aliniona. "Unampima homa samaki wangu?"

Ikabidi nieleze kazi yangu, na yeye akafungua friza akanionyesha lake. Alilinunua bovu kwa 80,000 kutoka kwa mtu wa baa. Kompresa imekufa siku nyingi. Chini kuna barafu ya mabonge anayonunua Mwaloni kila alfajiri, juu yake samaki, juu ya samaki barafu nyingine iliyopondwa, na gunia lenye unyevu. Kile kitundu cha chini cha kutolea maji hakukiziba. Ameingiza mpira unaomwaga kwenye ndoo. Nikapima kati ya samaki na samaki. Nyuzi 2.

Naomba niseme hili taratibu maana ni fani yangu. Kuta za friza zimejazwa povu ambalo halijali kama kompresa ni hai au imekufa. Kazi yake ni kuzuia joto lisiingie, na linaifanya bure bila luku. Barafu nayo inapoyeyuka hukaa kwenye sifuri mpaka tonge la mwisho liishe, haipandi wala haishuki, kwa hiyo mama ana themostati isiyoharibika. Na ule mpira wa ndoo ndio siri: samaki akiogelea kwenye maji ya barafu analainika na kuoza haraka, akikaa juu ya barafu huku maji yanatoka chini anabaki na macho angavu na mashavu mekundu mpaka jioni. Samaki mbichi wa siku moja hahitaji zaidi ya hapo. Hotelini mlimani kuna friza la mamilioni linalokula umeme usiku na mchana na sangara ndani yake hajulikani ni wa lini.

Siku ya pili nilichelewa kazini, nikafika kwake saa nane na nusu. Alikuwa anaosha karai kwa mchanga.

"Wameisha, fundi. Kuna maharage."

Nilikasirika, sifichi. Nimetoka jua kali, nimeshika sato akilini tangu asubuhi. Nikamwambia angeweka hata mmoja wa akiba. Akasema ananunua ishirini na tano, anauza ishirini na tano, akiweka akiba kesho atamuuzia mtu akiba. Nikala maharage, mazuri ya nazi, 2,000. Na nikiwa natafuna nikamkumbuka yule mhudumu wa mlimani na "yupo, yupo, ipo" zake, na zaidi ya saa moja niliyokaa nikisubiri sato ambaye hakuwepo tangu mwanzo. Tangu siku ile nikiingia mahali pa kula pageni nauliza kwanza, "Leo nini kimeisha?" Akijibu hakuna kilichoisha na ni saa tisa alasiri, nanunua ndizi.

Kasoro zake zipo. Kachumbari inakaa wazi na nzi wanaijua. Maji ya kunawa yanamiminwa na binti kwa jagi, vizuri, ila sabuni mpaka uombe. Kuanzia saa saba jua linaingia chini ya bati na benchi la nje linachoma makalio. Soda ni za moto. Friza ni la samaki tu, hachanganyi, kwa hiyo kijana anatumwa duka la ng'ambo na kurudi na chenji pungufu. Risiti ya mashine hana, na hapo mimi naumia, kwa sababu mteja wangu hanirudishii hela ya chakula bila risiti ya mashine. Gesti walinipa ya kitabu, ya kaboni, mteja akaikataa pia. Hoteli ya mlimani walitoa safi, ndefu kama shanga. Kwa hiyo hoteli ilinilisha vibaya kwa hela ya mteja, na Kirumba wakanilisha vizuri kwa hela yangu.

Jumapili ndiyo nilijua udhaifu mwingine. Mama yuko kanisani, bati limefunikwa turubai. Dada wa chai ya alfajiri, yule anayekaa karibu na geti na birika lake la tangawizi na chapati za 500, naye hakuja. Siku za kazi mtaa huo mdogo ni hoteli kamili isiyo na mwenye mali: kitanda kwa huyu, chai kwa yule, sato kwa mama, dobi wa nyuma anachukua shati asubuhi na kulirudisha jioni limenyooka, bodaboda wa kona anajua unapokwenda kabla hujasema. Lakini wakiondoka, wameondoka. Hakuna meneja wa kumpigia simu. Nilikula chipsi mayai kwa kijana mmoja stendi ya daladala, mafuta meusi kama ya gari, na usiku kucha nililijutia.

Hizo aina nyingine nilizolala siku za nyuma nizipitie haraka. Hosteli za kanisa ni safi kuliko zote na bei yake iko katikati, ila geti linafungwa saa nne usiku, na fundi wa majokofu humaliza kazi saa sita. Nyumba ya kupanga kwa siku kule Kiseke ilikuwa na jiko, nikapika mwenyewe, nikagundua siku ya pili kwamba sikusafiri kutoka Tabora nije kuosha sufuria.

Siku ya tano niliitwa Sengerema kuangalia tangi la kupozea maziwa. Zamani safari hiyo ilikuwa inapitia kivuko cha Kigongo, na foleni ya magari ndiyo iliyokuwa inatulisha: unashuka, unanunua samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, unamaliza, kivuko bado kiko ng'ambo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kama kilomita 3 za lami juu ya maji, tulivuka kwa dakika chache bila hata kushusha kioo. Nilifurahi kama kila mtu. Ila njaa ilinishika mbele kidogo, na nilijikuta natafuta kwa macho yule bibi wa mahindi aliyekuwa ananiita "mjomba". Biashara ya chakula ya pale ilikuwa inauza kusubiri kwetu, na kusubiri kumekwisha.

Jioni ya mwisho nilimwambia mama naondoka na basi la alfajiri. Akanikaangia sato wawili wakavu, bila rosti, chumvi imezidi kidogo kwa makusudi ili wasafiri, akawafunga kwenye karatasi ya khaki. 14,000. Nikatoa 15,000 nikasema wabeja, yaani asante, abaki na chenji. Akakataa, akanitilia ndimu nne. Dada wa gesti alinigongea kwa ile mbao saa kumi kamili kama nilivyomwomba, na bodaboda alikuwa getini tayari. Basi lilipofika Tinde nikafungua karatasi. Jirani yangu kwenye kiti, mzee mmoja wa Nzega, alinusa, akafunga gazeti lake, akauliza kama ninajua kula peke yangu. Tukagawana.

Jana nimepigiwa simu na yule kijana wa mapokezi wa mlimani. Pampu imekufa kabisa, wageni wanaoga kwa ndoo, na friza ya jikoni nayo imezima. Anauliza ninaweza kuja lini, chumba watanipa bure chenye ziwa. Nimemwambia wiki ijayo, mwezi ukiwa bado giza. Nimeshampigia dada wa Kirumba anishikie chumba cha mwisho wa korido. Amesema kimebaki hicho hicho kimoja.